UZI: Olivini, jiwe la kijani lililozoea moto ila maji yanalimaliza. Tujadili sifa zake na kazi zake

Kokoto (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kila nikipita kwenye nyuzi za mawe naona dhahabu, almasi, rubi, basi. Leo naomba tukae na jiwe ambalo yeyote aliyewahi kutembea juu ya mwamba mweusi wa volkano kuna uwezekano mkubwa amelikanyaga bila kujua. Linaitwa olivini, rangi yake kijani ya zeituni, na ukichukua mantili ya juu, yaani lile tabaka nene lililo chini ya ukoko wa dunia, zaidi ya nusu yake ni hilihili. Ni jiwe la kawaida kabisa, ila huku juu tunaliona kidogo, na sababu ya kuliona kidogo ndo hasa iliyonifanya nianzishe uzi.

Nielezee kwanza linavyoonekana. Chukua kipande cha basalti, lile jiwe jeusi zito la volkano, vaa miwani halafu kigonge kwa nyundo ili upate uso mpya, kisha kigeuze geuze juani. Ukibahatika utaona vipunje vya kijani vinang'aa kama chembe za chupa iliyovunjika, vingine vidogo kama sukari, vingine ukubwa wa punje ya mahindi. Vikipasuka havipasuki kwa bapa kama vile mika, lile jiwe linalobanduka karatasi karatasi, vinapasuka kwa mikunjo ya duara duara kama kioo kizito. Ukivisugua vinatoa unga mweupe, sio wa kijani, hapo watu wengi wanashangaa.

Ugumu wake ni 6.5 mpaka 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoishia 10 kwa almasi, kwahiyo kisu cha kawaida hakilikwaruzi. Kikemia ni (Mg,Fe)2SiO4, yaani magnesiamu na chuma vinapokezana viti humo ndani. Lenye magnesiamu tupu linaitwa fosteriti, halina rangi, uzito wake ni kama mara 3.3 ya maji. Lenye chuma tupu linaitwa fayaliti, ni la kahawia mpaka jeusi, uzito mara 4.4. Ya kijani tunayoipenda iko upande wa magnesiamu, kwenye kila viti kumi chuma kimekaa kimoja hivi, na hicho kimoja ndo kinachotia ukijani wote. Kwahiyo rangi yake haitokani na uchafu ulioingia kwa bahati kama ilivyo kwa zumaridi, ni ya mwili wake mwenyewe.

Sasa shikeni hili maana uzi wote unategemea hapa. Kwenye kwatzi, lile jiwe gumu linalojaza mchanga wa kawaida, kila kipande cha silika (silikoni na oksijeni) kimeshikana na vyenzake pande zote, ni kama watu walioshikana mikono uwanja mzima. Kwenye olivini kila kipande cha silika kimesimama peke yake, kinachowaunganisha ni magnesiamu na chuma tu waliokaa katikati. Joto halina shida na mpangilio huo, fosteriti inayeyuka kwenye nyuzi 1890 za Selsiasi, wakati lava ya basalti ina kama 1100 mpaka 1200, ndo maana lava ikianza kupoa olivini ni kati ya fuwele za mwanzo kabisa kuganda, inazama chini kwenye uji wa moto wakati wenzake bado maji maji. Lakini lete maji yenye tindikali hata kidogo, mfano mvua iliyobeba hewa ya ukaa, maji yanang'oa magnesiamu na vile vipande vya silika vinabaki havina wa kuwashika, jiwe linaachia.

Kwahiyo jiwe hili limezaliwa motoni, huko liko imara, likitoka nje tu linaanza kuharibika. Karibu kila kazi linayofanyiwa inatoka kwenye upande mmojawapo wa hizo mbili. Nakuja na sehemu ya pili, karibuni.

mdadisi_wa_kwanza

Mkuu umenigusa, mi nina jiwe jeusi niliokota zamani lina madoa ya kahawia yenye kutu sio ya kijani, linaweza kuwa ndo hilo?

Kokoto

Inawezekana sana mkuu. Angalia doa moja kwa lenzi ya mkono. Kama pembeni ni kahawia nyekundu na katikati kumebaki kijani kidogo, hiyo ni olivini iliyokuwa inaoza. Chuma chake kimeshika oksijeni na maji, limegeuka mchanganyiko wa udongo na kutu ambao wajiolojia wanauita idingsiti. Uozo unaanzia kwenye kingo na kwenye nyufa unaingia ndani. Nina kipande kimoja mezani kwangu ambacho fuwele moja ina ufa katikati, na kahawia imefuata ule ufa kama wino kwenye karatasi, nusu mbili za kijani zimebaki huku na huku. Mimi hicho kipande nakithamini kuliko vito.

Mwaka 1938 mwanajiolojia Goldich alipanga madini kwa jinsi yanavyochakaa juu ya uso wa dunia, olivini ndo ikawa ya kwanza kwisha na kwatzi ya mwisho. Ndo maana mchanga wa fukwe nyingi ni kwatzi. Mchanga wa kijani unaupata sehemu chache tu ambapo volkano iko palepale na mawimbi yanapeleka punje nyepesi mbali yanaacha hizi nzito, kama Papakōlea kule Hawaii.

Mzee wa Tanuru

Kijana umenikumbusha mbali, ngoja niongezee kwa upande wangu maana hili jiwe mimi nimelila vumbi. Nimefanya kazi ya kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimwaga kwenye kalibu zenye umbo la chombo, miaka mingi. Kalibu zetu tulitengeneza kwa mchanga wa kwatzi kama kawaida, ila siku tukiwa na oda ya chuma chenye metali ya manganizi nyingi, kile kigumu cha mataya ya mashine za kusagia mawe na njia panda za reli, ulikuwa unaletwa mchanga wa kijani. Msimamizi wetu alikuwa mkali, ukichanganya mifuko unarudi nyumbani.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadae. Manganizi ikiwa ya moto inashika oksijeni, na hiyo oksaidi inakula silika ya kwatzi, inatengeneza kitu kama kioo kinachogandana na chuma, unatoa chombo kwenye kalibu kimevaa koti la mchanga, utagonga na patasi mpaka mkono ufe. Mchanga wa olivini hauna silika ya bure ya kuliwa hivyo, chombo kinatoka uso safi.

Halafu kuna hili la kutanuka. Kwatzi ikifika nyuzi 573 inabadilika umbo ndani kwa ghafla na kutanuka, kalibu inapata nyufa na chuma kinaingia humo kinaacha mishipa. Olivini inatanuka polepole na sawasawa, haikushtukizi. Ubaya wake ni mzito kubeba na bei yake huwa juu kuliko kwatzi, na ukichanganya na gundi za kalibu zinazohitaji tindikali hazishiki vizuri, mchanga unaimeza ile tindikali.

Kokoto

Shikamoo mzee. Hii ndo sababu napenda kuleta mambo hapa. Hilo la kumeza tindikali uliloliona kiwandani ni lilelile la mvua, magnesiamu inatoka inakutana na tindikali inaiua.

Sehemu ya pili basi, kazi za moto. V. M. Goldschmidt, yule mkemia wa miamba wa Norwei, miaka ya 1920 ndo alisukuma sana wazo la kutengeneza matofali ya tanuru kwa olivini, na mpaka leo Norwei ni nchi kubwa kwenye biashara hii, machimbo ya Åheim upande wa magharibi yanachimba mwamba ambao karibu wote ni olivini. Mwamba wa namna hiyo unaitwa duniti, jina limetoka Dun Mountain kule Nyuzilandi.

Viwanda vya chuma vinaitupia olivini kwenye tanuru kubwa pamoja na mawe ya chuma, magnesiamu yake inafanya mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka unaotenganishwa na chuma, yawe mepesi kutiririka yasigande njiani. Mzee hapo juu atakuwa anajua mavi yakigoma kutoka kazi nzima inasimama. Pia vile vikanza vya umeme vinavyojaza joto usiku na kulitoa mchana, ndani yake huwa na matofali mazito, na baadhi yanatengenezwa kwa olivini kwa sababu inabeba joto jingi na haipasuki ukiipasha na kuipoza mara elfu. Mawe ya sauna pia mara nyingi ni mwamba wa jamii hii, unamwagia maji likiwa la moto na halilipuki. Na kuna mitambo ya mafuta baharini imewekewa olivini kama uzito wa kuikalisha chini, hapo wanatafuta uzito tu.

Bibie_wa_Vito

Samahani Kokoto, umetaja vito ukapita. Hii si ndo peridoti? Mimi nilikuwa na pete ya peridoti niliyopewa na mama yangu mdogo, nikaipeleka kwa sonara aichomelee kidogo pembeni, ikarudi jiwe limekuwa kama limepuliziwa ukungu, halimeti tena. Akaniambia jiwe lilikuwa feki tangu mwanzo. Iliniuma sana.

Kokoto

Pole sana dada. Ndiyo, peridoti ni olivini iliyo safi ya kutosha kukatwa kito. Na nina wasiwasi mkubwa kwamba jiwe lako lilikuwa halisi na ndo maana likaharibika. Sonara akishachomelea huwa anatumbukiza pete kwenye tindikali ya moto kuondoa weusi kwenye metali. Rubi na almasi hazijali. Peridoti inaliwa uso, kwa sababu ileile niliyoeleza kwenye posti ya kwanza. Kioo cha kawaida kingestahimili ile tindikali vizuri tu, kwahiyo kuharibika kwake ni dalili ya uhalisi, sio ya ufeki. Pia kito hiki, tofauti na yale matofali na mawe ya sauna, hakipendi joto la ghafla, moto wa kuchomelea ukikigusa vibaya kinapata nyufa. Fundi anayejua anakitoa kwanza kwenye pete ndo anachomelea.

Kukisafisha tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, basi. Zile mashine za kutetemesha na za mvuke achana nazo.

Bibie_wa_Vito

Asante mno, kumbe. Bado ninalo. Nitalijuaje kwa uhakika?

Kokoto

Kuna njia mbili ambazo huhitaji maabara.

Ya kwanza, tafuta lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Angalia kwa juu, pitisha macho ndani ya jiwe mpaka uone kingo za mikato ya upande wa chini. Kwenye peridoti kila ukingo utauona mara mbili, mistari pacha imekaribiana, kwa sababu mwanga ukiingia unagawanyika njia mbili na tofauti ya hizo njia ni kubwa, kama 0.036. Kioo hakigawanyi mwanga kabisa, mstari unabaki mmoja. Zumaridi inagawanya ila kidogo sana, kwa lenzi hiyo huoni. Geuza jiwe pande kadhaa usikate tamaa mapema maana kuna upande mmoja mmoja ambao upacha unajificha. Kama uso umepata ukungu, paka tone la mafuta mepesi juu, utaona ndani vizuri kwa muda.

Ukiwa humo humo ndani tafuta vitu vya duara bapa kama majani ya yungiyungi yaliyotandazwa juu ya maji, katikati yana kidoa cheusi. Kile kidoa ni punje ya kromiti, madini meusi, na lile jani ni mpasuko ulioizunguka. Ukiona hivyo lala usingizi, ni peridoti. Ukiona viputo vya hewa vya duara kamili, ni kioo.

Ya pili ni uzito. Jiwe litolewe kwenye pete, lipimwe kavu, halafu lipimwe likining'inia kwa uzi ndani ya maji. Tuseme kavu ni gramu 2.00 na majini ni 1.40, limepoteza 0.60. Gawa 2.00 kwa 0.60 unapata 3.33, hiyo ni peridoti. Kioo cha chupa cha uzito huohuo kingepoteza kama 0.80, jibu 2.5. Zumaridi inakuja kama 2.7.

Ustadh_Mlimani

Hapo kwenye jina niongezee, Kiarabu peridoti ni zabarjad, na kuna kisiwa cha Misri kwenye Bahari ya Shamu kinaitwa Zabargad. Kiswahili chetu tunalo zabarajadi, hata kwenye Biblia ya Kiswahili lipo kwenye safu za mawe ya kile kifuko cha kifuani cha Haruni. Je ndo hilihili jiwe?

Kokoto

Neno ndo hilo na kisiwa ndo hicho, kilichimbwa peridoti tangu zama za kale. Ila kuwa mwangalifu sheikh, watu wa zamani hawakupima kwa mizani wala kwa lenzi, walitaja kwa rangi. Wayunani kisiwa hichohicho walikiita Topazios na jiwe la pale wakaliita hivyo, leo topazi ni jiwe jingine kabisa. Wafasiri nao kila mmoja alichagua lake. Kwahiyo neno letu zuri na tulitumie kwa peridoti, ila tusiape kwamba kila andiko lilimaanisha olivini. Peridoti iliyokatwa inayojulikana kwa ukubwa iko kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Marekani, karati zaidi ya 310, na ilitoka kisiwa hicho. Siku hizi nyingi zinatoka San Carlos Arizona, Myanmar, na Pakistani ambako miaka ya 1990 zilianza kutoka kubwa kubwa.

Na kuna zinazotoka angani wakuu. Kuna vimondo vinaitwa palasiti, ukivikata bapa unaona fuwele za olivini za rangi ya asali na kijani zimekaa ndani ya chuma, ukiinua dhidi ya taa zinapitisha mwanga kama dirisha la vioo vya rangi. Jina limetokana na mwanasayansi Peter Simon Pallas, aliyeenda mwaka 1772 kuona bonge la karibu kilo 700 karibu na Krasnoyarsk kule Siberia. Mwanafizikia Chladni mwaka 1794 akalitumia bonge hilo kutetea kwamba mawe kweli yanadondoka kutoka nje ya dunia, wakati huo wasomi wengi hawakuamini.

kaboni_sifuri

Mkuu mbona hujagusa kubwa zaidi? Olivini itaondoa hewa ya ukaa yote, unasaga unamwaga baharini na mashambani basi tatizo la tabianchi kwisha. Nimeona hesabu, tani moja ya jiwe inakula tani na robo.

Kokoto

Nilikuwa naiweka mwisho makusudi maana hapa watu wanakimbia sana. Hesabu ni ya kweli kwenye karatasi. Fosteriti tani moja ikiyeyuka yote na hewa ya ukaa ikabaki majini kama baikaboneti, yaani imeyeyuka humo bila kurudi hewani, unapata kama tani 1.25. Ukiigandisha iwe jiwe jeupe la magnesiti inakuwa nusu ya hapo, kama tani 0.63. Na dunia inafanya hivyo yenyewe, nenda Omani, kuna milima ya mwamba wa mantili uliopandishwa juu, imejaa mishipa myeupe ya kaboneti, ni hewa iliyogeuka jiwe. Olaf Schuiling, mwanasayansi wa chuo kikuu cha Utrecht kule Uholanzi, alilipigania wazo la kusaga olivini miaka mingi.

Ila kumbuka tulivyosema, linaoza haraka ukilinganisha na mawe mengine, sio ukilinganisha na maisha ya mtu. Punje kubwa itakaa miaka mingi mno. Ili iende haraka usage iwe unga, na kusaga kunakula umeme, halafu kuchimba, halafu kusafirisha, vyote vinatoa hewa ileile unayotaka kuiondoa. Na ndani ya olivini kuna nikeli kidogo. Ukimwaga mamilioni ya tani lazima ujue hiyo nikeli inaishia wapi, kwenye udongo, kwenye samaki. Mimi nalitakia mema hili wazo kwa moyo wote, nataka lifanikiwe, ndo maana sitaki liuzwe kwa ahadi ambazo jiwe halijatoa.

Mzee wa Tanuru

Hiyo nikeli ni kweli iko humo? Sisi hatukuwahi kuambiwa.

Kokoto

Ipo mzee, chini ya nusu ya asilimia. Mvua ya nchi za joto ikinyesha juu ya miamba hii mamilioni ya miaka, magnesiamu inakwenda na maji, nikeli inashuka na kukusanyika chini kwenye udongo mwekundu. Nikeli ya Kaledonia Mpya imepatikana hivyo. Yaani kuoza kwake nako ni mgodi.

daktari_wa_mapafu

Niulize kuhusu vumbi. Mawe yenye silika yanaua mapafu. Hili je?

Kokoto

Swali zuri sana dokta. Silika inayosumbua ni ile ya bure, kwatzi. Olivini safi haina, na ndo moja ya sababu ilichukua nafasi ya mchanga wa kwatzi kwenye kazi za kupuliza na kusafisha metali. Lakini vumbi lolote jembamba ni vumbi, barakoa ibaki. Na kuna mtego, olivini ikikutana na maji huko chini kwenye joto la kiasi inageuka serpentini, na aina moja ya serpentini ni krisotili, yaani asbesto. Kwahiyo mwamba ulioanza kugeuka, ule wenye mishipa ya nyuzinyuzi zinazong'aa kama hariri, usiusage kabla haujapimwa.

Mgeuko huohuo unatoa joto na gesi ya hidrojeni. Mwaka 2000 katikati ya Atlantiki zilionekana chemchemi za Lost City, minara myeupe chini ya bahari, maji ya moto yanatoka na hidrojeni iliyotengenezwa na mwamba wa olivini, na vijidudu vinaishi kwa gesi hiyo bila kuhitaji jua.

mdadisi_wa_kwanza

La mwisho mkuu, huko chini kabisa linaishia wapi?

Kokoto

Kwenye kina cha kama kilomita 410 mgandamizo unalishinda, linajipanga upya linakuwa wadsleyiti, chini zaidi ringwooditi, na kwenye 660 linavunjika kabisa kuwa madini mengine. Mawimbi ya matetemeko yakifika kina hicho yanabadilika kasi ghafla, ndo tulivyojua. Mwaka 2014 walitangaza kapunje ka ringwooditi kaliko ndani ya almasi kutoka Juína, Brazili, kadogo mno, na kalikuwa na maji ndani yake karibu asilimia 1.5 ya uzito.

Bibie_wa_Vito

Wakuu nimerudi. Nimepaka tone la mafuta nikaangalia kwa lenzi ya jirani. Mistari ni miwili. Na kuna jani moja la yungiyungi pembeni.